Kusomea Kiswahili: Mlimani, Nairobi, London au Ujerumani?

Mhitimu wa Kiswahili anayetaka kuendelea na uzamili ana njia nyingi kuliko anavyodhani. Kuna Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna Nairobi na vyuo vingine vya Kenya. Kuna London. Na kuna Ujerumani, ambako ukitaja Kiswahili inabidi utaje na mji: Hamburg, Leipzig au Bayreuth. Wengi huchagua kwa kuangalia ada kwanza, na baada ya ada huangalia jina la mji litakavyosikika nyumbani. Ada ni jambo zito, siwalaumu. Lakini idara ya lugha huanzishwa kwa haja fulani, na haja hiyo hubaki imo ndani yake miaka mingi baada ya waanzilishi kufa. Utaikuta kwenye rafu za maktaba, kwenye majina ya kozi, na kwenye lugha anayoandika mwalimu ubaoni.

Kwa hiyo anayeniomba ushauri humwambia aulize mambo mawili. Idara hii ilianzishwa ili nani ajifunze nini? Na mwenye lugha, mtu aliyezaliwa nayo, alikaa wapi darasani: mbele akiwa na chaki, au pembeni akisubiri kuulizwa "hili kwenu mnalisemaje"?

Tuanze na kongwe.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887. Mwaka mmoja tu kabla yake, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kugawana Afrika Mashariki kwenye ramani. Haja ya seminari haikufichwa: maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waende wakiwa wanajua kusema na watu waliotarajia kuwatawala. Kiswahili kilikuwa chini ya Mjerumani, Carl Büttner, na pembeni yake akawekwa mtu wa pwani wa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Mwaka 1891 nafasi hiyo aliishika Amur bin Nasur wa Unguja. Aliandika habari za maisha yake Berlin, na Büttner akazichapisha mwaka 1894 pamoja na maandishi mengine ya Kiswahili.

Kisha, mwaka 1900, akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, msomi wa dini. Ninamtaja kwa sababu kila mwanafunzi wa Kiswahili amekutana na kazi yake, ajue asijue. Ile Desturi za Wasuaheli iliyotoka mwaka 1903, ambayo mpaka leo watu huirudia wakitaka kujua harusi, jando, unyago, ngoma na mambo ya utumwa ya mrima, sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro. Jina lililotangulia kwenye kitabu ni la Carl Velten, Mjerumani. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku, na walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikamzuia mkewe kushuka. Mtu aliyewafundisha maofisa wa koloni lugha ya koloni lao hakuruhusiwa kuingia na mke wake katika nchi aliyozaliwa. Wakageuza. Alifia Berlin mwaka 1927.

Hamburg ilifuata. Mwaka 1909 Carl Meinhof alianza kufundisha huko, na kwa mikono yake taaluma ya kulinganisha lugha za Kibantu ikapata umbo la sayansi. Ukisikia ngeli zikihesabiwa kwa namba, viambishi vikirudishwa kwenye asili yake, sauti zikifuatwa kutoka lugha hadi lugha, njia hiyo imepita kwake. Huyu huyu alikuwepo Mombasa mwaka 1928, kwenye mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Alikuwa pia na nadharia za kuwapanga Waafrika kwa rangi na nasaba, nadharia ambazo hazikuwa na msingi na zilileta madhara. Anayekwenda kusoma katika nyumba aliyoijenga Meinhof asome sarufi yake na asome hayo pia.

Lakini Ujerumani ya leo si ya Velten. Leipzig ilimpa Abdilatif Abdalla darasa la Kiswahili tangu 1995 hadi 2011. Ni mshairi wa Mombasa aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya siasa, akatunga mashairi yake gerezani, na mashairi hayo yakapata tuzo. Bayreuth nako kuna kongamano la Kiswahili la kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu husimama akasoma mada yake kwa Kiswahili mbele ya Wajerumani, Waitalia, Wakenya na Watanzania, na maswali yakaja kwa Kiswahili. Chaki imebadilisha mkono. Kilichobaki kutoka enzi za mwanzo ni tabia ya kazi: kumsikiliza msemaji kwa makini, kurekodi, kulinganisha, na kutunza hati. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, mmoja wa kale kabisa tulio nao, ulihifadhiwa Hamburg.

London ni ndugu wa Berlin aliyechelewa kuzaliwa. Chuo kinachoitwa leo SOAS kilipewa hati mwaka 1916 na kikafungua milango mwaka uliofuata, kwa haja ile ile ya dola: watu wa kupeleka nje wajue lugha za huko. Neno "Afrika" liliingia kwenye jina lake mwaka 1938 tu, ingawa Alice Werner alikuwa akifundisha Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu huko tangu mwanzo. Mwaka 1944 Ethel Ashton akatoa sarufi ya Kiswahili kwa Kiingereza ambayo vizazi vya wageni vimeitegemea, na ambayo hata mwalimu wa Kiswahili aliyebobea hupata jipya akiifungua kwenye sura za vitenzi.

Utajiri mkubwa wa London ni hati. William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa huko huko, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa aliyeyajua, aliyeyaandika na kuyafafanua. Muyaka alikuwa amekwisha kufa kama miaka hamsini nyuma. Bila ya Sikujua tungekuwa na Muyaka wa kusikia kwa mbali. Karatasi hizo zipo London, pamoja na makusanyo mengine kama ya Hichens, Mwingereza mwingine aliyekusanya mashairi ya Kiswahili, na ya Werner mwenyewe, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu. Hasara ya London ni kwamba utaandika kuhusu Kiswahili kwa Kiingereza, na msomaji wako wa kwanza mara nyingi atakuwa mtu asiyekisoma. Utajikuta unatafsiri kila beti kabla hujasema neno juu yake. Kuna wanaofaidika na hilo, maana kutafsiri kunakulazimisha kuelewa. Kuna wengine ambao miaka ikipita wanakuta hawawezi tena kuandika uhakiki kwa lugha wanayoihakiki. Isitoshe, kozi za lugha za Kiafrika zimekuwa zikipunguzwa Uingereza, kwa hiyo usiombe nafasi kwa sifa ya zamani. Angalia ni nani anafundisha mwaka utakaoingia.

Sasa Mlimani. Hapa nitakaa kidogo.

Mizizi yake nayo ni ya kikoloni, tusijidanganye. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, makao yake Dar es Salaam na katibu wake Frederick Johnson. Kazi yake ilikuwa kusanifisha: tahajia moja, maneno yanayokubalika, vitabu vya shule vipitiwe na kupigwa muhuri. Hapo mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu watupu. Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya Waafrika kukalishwa mezani kuzungumzia lugha yao. Baadaye Shaaban Robert alikuwa mmoja wa wajumbe. Kamati yenyewe ilihamahama kama mtumishi wa serikali: Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, hatimaye ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ndani ya chuo kikuu kilichokuwa kichanga. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Wilfred Whiteley, ambaye baadaye alikwenda kuwa profesa London. Mnaona nyuzi zinavyoshikana.

Kilichobadilisha kila kitu ni mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitegemea mwaka huo, na Idara ya Kiswahili ikaanzishwa. Idara hii haikuzaliwa ili mgeni ajifunze kutawala, wala ili mtaalamu wa nje aeleze lugha ya watu. Ilizaliwa katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya bunge, ya mahakama za mwanzo, ya shule za msingi na ya mikutano ya kijiji, na swali lake lilikuwa zito: je, lugha hii inaweza kubeba elimu ya juu? Jibu lilitolewa kwa kufundisha. Isimu ikafundishwa kwa Kiswahili. Uhakiki ukafundishwa kwa Kiswahili. Tasnifu zikaandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu akifika kwenye dhana isiyo na jina, alisimama palepale na wanafunzi wakatafuta jina.

Fikiria kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alipoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili chuoni hapo, uhakiki wa kusomesha ulikuwa haba, na ilibidi uandikwe huku masomo yakiendelea. Akahariri makala za uchambuzi zilizotoka mwaka 1971. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma hapo hapo, akarudi kufundisha. Mwaka 1974 alitoa diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na Topan akaiandikia utangulizi. Moto ukawaka. Washairi wa kimapokeo wakasema hayo si mashairi. Mulokozi na Kahigi, vijana wa Mlimani, wakajibu kwa kitabu mwaka 1979, wakitetea kwamba ushairi ni zaidi ya vina. Mjadala ulipita magazetini, redioni, kwenye makongamano, na haukuwa na haja ya kupitia Kiingereza hata kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya idara iliyo hai: watu wanagombana kwa lugha wanayoigombania.

Upande wa isimu kazi ilikuwa ya jasho zaidi na sifa chache. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya Kiswahili kwa Kiswahili, ilitoka mwaka 1981. Zikafuata kamusi za istilahi: isimu na lugha, biolojia, fizikia na kemia, mwaka 1990. Mwaka 1999 Massamba, Kihore na Hokororo wakatoa sarufi miundo ambayo wanafunzi wote huiita SAMIKISA kana kwamba ni jina la mtu. Kirai, kishazi, kiima, kiarifu: leo mwanafunzi wa kidato cha tano anayatamka bila kufikiri, lakini kila neno kati ya hayo lilijadiliwa, likapingwa, likashindanishwa na jingine.

Mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili viliunganishwa, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Kabla ya hapo watafiti walikuwa upande wao na walimu upande wao. Kwa mwanafunzi, maana ya muungano huo ni kwamba mwalimu anayekufundisha leksikografia, yaani utungaji wa kamusi, anaweza kuwa ndiye anayehariri kamusi iliyo mezani kwako. Nafasi ya namna hiyo huipati kwingine.

Mlimani ina upungufu wake. Madarasa ya shahada ya kwanza ni makubwa, na msimamizi mmoja huwa na wanafunzi wengi. Asiyejua kumfuata msimamizi wake mlangoni atachelewa. Taasisi iliyotokana na kamati ya kusanifisha pia ina mazoea ya kukitazama Kiswahili Sanifu kama katikati ya dunia. Anayetaka kutafiti lahaja kama Kimvita, Kiamu, Chimwiini cha Barawa au Kingwana cha Kongo atakaribishwa, lakini ajiandae kueleza mara nyingi kwamba hafanyi utafiti wa "makosa". Na anayetaka kuchunguza lugha nyingine za Tanzania, Kihehe au Kisukuma kwa mfano, ajue kwamba isimu ya jumla iko katika idara nyingine pale pale chuoni, na huko hufundishwa kwa Kiingereza.

Nairobi ilipita njia tofauti kabisa. Mwezi Oktoba 1968 walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba, walipeleka pendekezo la kuifuta Idara ya Kiingereza katika chuo hicho na kuiweka Afrika katikati ya masomo ya fasihi, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha za lazima. Pendekezo lile lilibadilisha mengi katika ufundishaji wa fasihi, lakini utaona jinsi swali lilivyoulizwa: tukifanyie nini Kiingereza? Dar es Salaam, miaka ile ile, swali lilikuwa tukifanyie nini Kiswahili. Msukumo mkubwa wa idara za Kiswahili nchini Kenya ulikuja baadaye, mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipolifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa. Ghafla nchi nzima ilihitaji walimu. Nairobi, Kenyatta na Moi zikakua kwa haja hiyo, na zimekuwa imara katika mambo inayoyagusa: ufundishaji wa lugha, mitaala, isimujamii ya miji, Sheng, tafsiri, lugha kwenye vyombo vya habari. Mohamed Abdulaziz, Mmombasa aliyeilea taaluma ya isimu Nairobi, ndiye aliyetupatia mwaka 1979 uchambuzi wa Muyaka ambao bado haujapitwa.

Mtu wa Kenya akiniuliza kama ahame aje Dar es Salaam, humuuliza kwanza anataka kutafiti nini. Kama ni Kiswahili darasani, au Kiswahili kinavyoishi pamoja na lugha nyingine arobaini na zaidi, abaki. Data yake iko nje ya mlango wake. Kama ni kamusi, istilahi au sarufi, aje.

Unguja nayo nisiipite kimya. TAKILUKI ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na kazi ya kuwafundisha wageni Kiswahili, na sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, kazi ambayo inazidi kutafutwa, atajifunza huko mambo ambayo darasa la nadharia haliwezi kumpa.

Kwa hiyo, uende wapi? Anayetaka kuandika kwa Kiswahili, kuhariri, kutunga kamusi, kuhakiki fasihi na kusomwa na Waswahili, simshauri mahali pengine zaidi ya Mlimani kwa uzamili. Ajenge kwanza uwezo wa kufikiri kitaaluma kwa lugha yenyewe, kwa sababu uwezo huo ukiukosa mapema kuupata ukubwani ni taabu. Uzamivu ni hesabu nyingine. Anayefuata historia ya lugha na ulinganishi wa Kibantu, Ujerumani itamlea vizuri, na vyuo vingi vya umma vya huko havitozi ada ya masomo zaidi ya mchango wa kila muhula. Gharama yake kubwa ni maisha, na kujifunza Kijerumani, ambacho usikikwepe hata ukiambiwa Kiingereza kinatosha. Mengi yaliyoandikwa na kina Büttner, Velten na Meinhof hayajatafsiriwa, na ni habari zetu. Anayefuata tenzi na hati za kale atahitaji kufika London siku moja, si lazima kwa shahada. Miezi michache ya maktaba yaweza kutosha, akienda na maswali yaliyopikwa tayari na akiwa amekwisha kujifunza kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Popote utakapoelekea, kabla ya kutuma maombi tafuta tasnifu mbili za karibuni kutoka idara hiyo, usome marejeleo yake tu. Hesabu ni waandishi wangapi wanaonukuliwa wameandika kwa Kiswahili. Kisha mwandikie msimamizi unayemtaka, kwa Kiswahili, uone anajibu kwa lugha gani.

Na kwa anayeamini kwamba hati za kale ziko Ulaya peke yake: J.W.T. Allen, yule yule aliyefasiri kazi ya Mtoro kwa Kiingereza, alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada ya tenzi na kanda za sauti kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Mkusanyo huo uliwekwa maktaba ya Mlimani. Panda daladala, shuka Chuo Kikuu, ingia maktaba uulizie kitengo cha Afrika Mashariki, na uombe kuonyeshwa mkusanyo wa Allen.